Uzinduzi wa Ruta Kuu ya Shwarini

Nchi hii haipo. Naomba tuelewane mapema, maana wako wasomaji wenye haraka ya kunyoosha kidole. Haipo kwenye ramani, haipakani na mtu, na msomaji akikutana humu na kiongozi anayefanana na anayemfahamu, kosa ni la huyo kiongozi kufanana. Inaitwa Jamhuri ya Shwarini, na mambo yake yote ni shwari, kwa sababu kuna waraka unaosema hivyo.

Katika Shwarini hakuna kitu kinachoanza kazi kabla ya kuzinduliwa. Daraja la Mto Kirinda lilikamilika miaka minne kabla ya uzinduzi wake, na kwa miaka yote minne wananchi walivuka kwa kuogelea kando yake, huku wakilitazama kwa fahari. Wodi mpya ya wazazi ilikaa na utepe mlangoni mwaka mzima, na watoto waliozaliwa barazani walipewa vyeti vilivyoandikwa "amezaliwa nje ya wodi, kwa muda." Hakuna aliyelalamika. Kitu kisichozinduliwa kisheria hakipo, na raia mwenye akili timamu halalamikii kitu kisichokuwepo.

Mhandisi Sikudhani Kilemile aliyajua hayo yote. Alikuwa msimamizi wa Kituo Kikuu cha Mtandao, nyumba ya matofali ambamo intaneti yote ya nchi ilipita ikiingia na kutoka. Humo kulikuwa na ruta. Ruta, kwa asiyeijua, ni karani wa njia panda: kila barua, kila picha, kila salamu inayotoka ng'ambo hupita kwake, naye huielekeza ishike njia ipi. Ruta ya Shwarini ilinunuliwa wakati nchi ina watumiaji elfu mbili. Sasa walikuwa milioni nane, na mashine ilichemka hata mafundi wakapokezana kuipepea kwa ungo.

Sikudhani aliomba ruta mpya kwa miaka sita. Barua zake zilijibiwa vizuri sana. Mwaka wa saba ruta ikaja, kubwa kuliko kabati la milango miwili, yenye uwezo wa kupitisha kwa sekunde moja yale ambayo ile kuukuu ilihangaika nayo nusu siku. Akaifunga mwenyewe, akaijaribu mwenyewe, akaona taa zake mia mbili za kijani zinawaka zote, akalia kidogo nyuma ya mlango. Kisha akaizima, akaifunika nailoni, wakaanza kungoja tarehe.

Walingoja miezi kumi na minne. Mheshimiwa Mkuu ndiye mzinduzi pekee kikatiba, na foleni yake ilikuwa ndefu. Mwaka ule alikuwa na visima thelathini, geti moja lililopakwa rangi upya, na sanamu yake mwenyewe akizindua kisima.

*

Siku tatu kabla ya sherehe, alifika kituoni Mkuu wa Itifaki, Bwana Rajabu Salala. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti ya kijivu na daftari dogo, na aliikagua ruta kama mchumba anayetaka kupelekwa ukweni.

"Uso wake uko wapi?" aliuliza.

"Mashine haina uso, Bwana Salala. Hapa mbele ndipo zilipo taa."

"Basi huo ndio uso. Isogezwe mbele hatua tano. Pale ilipo haitaonekana kwenye kamera."

"Ikisogezwa, kebo itabaki imening'inia wazi kutoka ukutani. Hii ya manjano. Ndiyo kebo yenyewe inayotuunganisha na dunia, mzee. Haitakiwi kuguswa."

Bwana Salala aliitazama ile kebo, nyembamba kama kalamu. "Rangi yake nzuri," alisema. "Ndiyo rangi ya taifa. Iache."

Kisha akaigeukia ruta ya zamani, iliyokuwa bado inahema pembeni. Hii, alisema, lazima istaafu asubuhi ya sherehe, kwa kuwa mzee na kijana hawakai kiti kimoja mbele ya Mheshimiwa Mkuu. Sikudhani akamwomba waiache ikiwaka japo wiki moja, kama tahadhari.

"Tahadhari ya nini?"

"Ya hitilafu."

"Hitilafu mbele ya Mheshimiwa Mkuu?" Bwana Salala alifungua daftari lake, akaandika jina la Sikudhani kwa herufi nzuri, akalifunga.

Hivyo ruta ya zamani ikastaafishwa kwa heshima zote. Ilisomewa risala, ikakabidhiwa cheti, mabati ishirini na baiskeli, ikachomolewa, ikakalishwa kwenye kiti cha plastiki safu ya pili. Kwa kanuni za utumishi, mstaafu harudi kazini ila kwa kibali cha Baraza, na Baraza hukaa mara moja kwa mwaka.

Sikudhani hakuwa na moyo wa kubishana zaidi, maana mawazo yake yalikuwa kwingine. Juzi yake dada yake Asmini alianguka akifua uani kwake, huko wilaya ya Pembetatu, na tangu hapo alikuwa akilalamika kichwa. Asmini ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Asmini alikuwa na miaka kumi na saba, akaacha shule, akakaa kwenye cherehani, akamshonea mdogo wake kila sare aliyowahi kuvaa mpaka chuo. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye Sikudhani alimwita wake.

Daktari Mshindo wa hospitali ya Pembetatu alishuku damu imevuja ndani ya fuvu. Mashine ya kupiga picha za kichwa walikuwa nayo, na ilishazinduliwa, kwa hiyo ilikuwepo. Kitoboleo cha mfupa walikuwa nacho. Kilichokosekana ni mtu wa kuisoma ile picha na kusema watoboe wapi, kwa sababu daktari bingwa wa ubongo wa Shwarini, Daktari Pereni, alikwenda kusoma ng'ambo na akasahau kurudi. Lakini alikuwa muungwana. Kila picha aliyotumiwa kwa mtandao aliisoma siku hiyo hiyo, na mambo yalipokuwa magumu alikaa mbele ya kioo akimwongoza Mshindo mpaka mwisho. Zamu ya Asmini kupigwa picha ilikuwa Jumanne asubuhi, na picha ingetumwa mchana, baada ya sherehe, ipite kwenye ruta mpya.

*

Jumanne saa nne Mheshimiwa Mkuu aliwasili na magari arobaini. Waziri wa Mawasiliano na Shangwe akamkaribisha kwa hotuba fupi ya saa moja na robo. "Leo," alisema, "intaneti imezaliwa! Hiyo mliyokuwa mkiitumia miaka yote ilikuwa fununu!" Watu wakapiga makofi kwa mujibu wa ratiba.

Utepe wa hariri ya manjano ulikuwa umefungwa kuliani mwa ruta. Kushotoni, usawa wa kifua, kebo ya manjano ilining'inia kutoka ukutani. Sasa lazima nieleze kwamba Mheshimiwa Mkuu ana umri wa heshima na macho yenye umri huo huo, ila picha yake rasmi, ile iliyotundikwa kila ofisi, ilipigwa bila miwani. Kwa hiyo hadharani havai miwani, maana haiwezekani mtu atofautiane na picha yake mwenyewe.

Akaupokea mkasi wa dhahabu kutoka kwenye mto wa mahameli. Akatabasamu. Akaenda kushoto.

Sikudhani alifungua mdomo. Bwana Salala, bila kugeuza shingo, alimkanyaga mguu kwa kisigino chote. Katika Shwarini hakuna utaratibu wa kumwambia Mheshimiwa Mkuu kwamba amekosea, kwani ili utaratibu uwepo ni lazima kwanza akosee.

Kebo ilikataa mkato wa kwanza. Ndani yake nyuzi za kioo zimezungukwa na nyuzi ngumu za kuzilinda, na mkasi wa dhahabu ni laini. Bendi ikaongeza sauti. Mkato wa pili ukatafuna. Wa tatu ukakata, ncha mbili zikaanguka sakafuni, na taa mia mbili za kijani zikawa nyekundu, moja baada ya nyingine, kutoka juu mpaka chini.

"Mnaona wenyewe!" mshereheshaji akapiga kelele. "Hata mashine imebadilika rangi kwa furaha!"

Vigelegele vikafuata. Utepe wa kweli ukafunguliwa harakaharaka, ukakunjwa, ukaingia mfukoni mwa Bwana Salala. Watazamaji wa ng'ambo waliokuwa wakifuatilia sherehe mtandaoni waliona mkasi ukifumba, kisha hawakuona tena chochote.

*

Magari arobaini yalipoondoka, Sikudhani alikuja na mashine yake ya kuungia nyuzi, ndogo kama kibuyu cha maji, akapiga magoti mbele ya zile ncha.

"Unafanya nini, mhandisi?" aliuliza Bwana Salala.

"Naunga. Ni dakika kumi tu, mzee, na nchi inarudi hewani."

Bwana Salala alimwinua kwa upole. Hapo akamkumbusha Sheria ya Tepe. Ilitungwa baada ya mfanyabiashara mmoja kuokota utepe uliokatwa kwenye uzinduzi wa soko, akaunga zile ncha, akafungia mbuzi. Mahakama ilisema kwamba kwa kuunga kilichokatwa, mtu yule aliubatilisha uzinduzi, na soko likafungwa mpaka lilipozinduliwa upya miaka mitatu baadaye. Tangu siku hiyo ncha mbili za kila utepe uliokatwa na Mheshimiwa Mkuu ni urithi wa taifa, na kuziunganisha ni kumpinga.

"Lakini huu si utepe," Sikudhani alisema.

"Nani ameukata?"

"Mheshimiwa Mkuu."

"Na kwenye uzinduzi, Mheshimiwa Mkuu hukata nini?"

"Utepe."

"Basi," alisema Bwana Salala.

Ncha mbili zikalazwa juu ya mito miwili ya mahameli, kila moja na kibandiko chake, na Koplo Ndarama akawekwa kuzilinda. Jioni redio ikatangaza kwamba kasi ya intaneti ya Shwarini sasa haina mfano. Jumatano ikaongeza habari njema zaidi: tangu ruta izinduliwe, malalamiko ya wananchi yameshuka kwa asilimia mia moja, hakuna hata moja lililopokelewa. Wizara hupokea malalamiko kwa mtandao tu.

Jumatano hiyo hiyo Daktari Mshindo alipiga simu. Simu za kuongea bado zilikuwepo, zilizinduliwa zamani.

"Mhandisi, picha ya dada iko hapa kwenye kioo. Tangu jana mchana inazunguka tu, haiendi."

"Hali yake?"

"Jana alinijua kwa sauti. Leo ananiita kwa jina la baba yenu."

"Picha ikija na gari mpaka mpakani je? Nikaitume kutoka upande wa pili?"

"Nimeshauliza. Kutoa picha ya kichwa cha raia nje ya nchi kunahitaji kibali, na kibali kinaombwa kwa mtandao. Mimi nisingependa Jumamosi ipite."

Sikudhani aliogopa. Akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ruta iliyostaafu. Kisha akaandika barua kwa Kamati ya Tepe, akaipeleka kwa mkono, akangoja kwenye benchi mpaka wajumbe walipotoka. Walimsikiliza kwa huruma sana. Mwenyekiti alimweleza kwamba kuunga hakuwezekani, lakini kujenga kebo mpya kunawezekana kama mradi wa mwaka ujao, nao ungezinduliwa kwa zamu yake, baada ya visima.

*

Kila siku saa sita kamili mchana redio ya Shwarini hupiga wimbo wa taifa, beti zote kumi na moja, na popote alipo kila raia husimama wima kutazama bendera mpaka uishe. Kutikisika ni kosa. Wimbo huchukua dakika kumi na mbili. Sikudhani alikuwa ameusimamia tangu darasa la kwanza, na Alhamisi ile ndiyo mara ya kwanza alipojiuliza unatosha kufanyia nini.

Koplo Ndarama alikuwa kijana mwenye masharubu ya kulazimisha. Sikudhani alimkuta mlangoni saa sita kasoro dakika tatu, mashine ya kuungia ikiwa ndani ya kikapu chini ya kanga.

"Koplo, nimekuja kufuta vumbi."

Koplo alikitazama kikapu. "Amri yangu inasema asiunge mtu. Vumbi haikulitaja." Akamtazama tena. "Mhandisi, ni kweli kwamba zile ncha ndiyo intaneti yenyewe? Mke wangu yuko ng'ambo, anafanya kazi za ndani. Alikuwa ananionyesha mtoto kila jioni kwenye simu. Tangu Jumanne kimya. Nimeambiwa intaneti ipo, nikafikiri labda kaniacha."

"Hajakuacha," Sikudhani alisema.

Wimbo ukaanza. Koplo akapiga kisigino, akageukia bendera, akawapa mgongo Sikudhani na mito. Jengo zima likasimama wima. Sikudhani akapiga magoti, akaanza kumenya ncha ya kwanza, akiimba pamoja nao asije akasikika kanyamaza. Ubeti wa nne, unaohusu mito na mabonde, ulimkuta anasafisha kioo. Kwenye ubeti wa saba, unaohusu afya njema ya Mheshimiwa Mkuu, uzi ukakatika, ikabidi aanze upya. Jasho likamwingia machoni, hakuthubutu kupangusa. Kwenye ubeti wa kumi mashine ikatoa mlio mdogo, na Koplo Ndarama, bila kutikisa bega, akaimba kwa nguvu zaidi.

Wimbo ulipoisha taa zote mia mbili zilikuwa za kijani. Koplo aligeuka, akaziona, akamwona Sikudhani amekaa sakafuni. "Vumbi limetoka," alisema, na simu yake ikaanza kulia mfukoni.

Picha ya Asmini ilifika saa sita na dakika kumi na nne. Saa saba Daktari Pereni alikuwa ameisoma: damu ipo, kubwa, itolewe Jumamosi asubuhi mapema, yeye akiwa kwenye kioo kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu pale pa kutoboa palikuwa pabaya.

Na saa nane wizara ilipokea malalamiko elfu kumi na nne. Ndipo serikali ilipotambua kwamba intaneti imeharibika.

*

Ijumaa asubuhi Sikudhani alikalishwa kwenye chumba chenye zulia, mbele ya Bwana Salala na wanasheria watatu ambao hawakujitambulisha. Chai ililetwa. Bwana Salala mwenyewe alimtilia sukari.

"Nchi imekusamehe," alisema.

Kisa cha msamaha kilikuwa hiki. Wanasheria walikesha na mashtaka, na kila walivyoyaandika walijikuta wanaandika kwamba Mheshimiwa Mkuu aliikata intaneti. Sentensi hiyo haiwezi kusomwa mahakamani. Kwa hiyo waliandaa karatasi ya mistari miwili: *Mimi, Sikudhani Kilemile, sikuunga chochote.* Akisaini, angekwenda nyumbani.

"Na kile kiungo kilichopo pale?" aliuliza.

"Kiungo gani, mama? Ukishasaini hakipo. Na kwa kuwa hakipo, saa tisa alasiri vijana watapita kukiondoa, ncha zirudi kwenye mito yake."

Sikudhani aliishika kalamu. Nitasema alichokifikiria, maana hakuwa shujaa na hakutaka kuwa. Alifikiria kitanda chake. Alifikiria kumwomba Bwana Salala wangoje mpaka Jumapili, akajua kwamba Bwana Salala angesikitika na kuandika daftarini. Kisha akamkumbuka jirani yake, Bwana Mwinjuma, aliyeibiwa pikipiki. Mwizi alikamatwa kesho yake, pikipiki ikaonekana, na sasa ni mwaka wa tisa imeegeshwa nyuma ya mahakama, mwenyewe hana ruhusa hata ya kuijaza upepo. Ni kielelezo. Sheria ya Shwarini inasema kielelezo hakiguswi, hakihamishwi wala hakibadilishwi hali kiliyokutwa nayo, mpaka kesi iishe.

Akaiweka kalamu chini.

"Niliunga," alisema. "Kwa mikono yangu, wakati wa wimbo wa taifa, tena nikitikisika. Nataka nishtakiwe."

Wanasheria walitazamana. Katika kazi yao hawakuwahi kuombwa hivyo. Mmoja alisema hawezi kukataa kupokea maungamo, ni kosa la kitaaluma. Mwingine alisema shtaka linaweza kutaja "ncha mbili" bila kutaja ni za nini. Bwana Salala aliinama karibu yake, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kiofisi.

"Mama, unakujua mahabusu kulivyo? Saini tu, uende kwa watu wako."

"Watu wangu ni mmoja, mzee."

Shtaka liligongwa muhuri saa nane na nusu. Saa tisa vijana wa kuondoa kiungo walifika kituoni na koleo zao, wakakuta polisi wanne wenye silaha wamekizunguka, na karatasi ukutani: KIELELEZO NAMBA MOJA. Kwa kuwa kilikutwa kinapitisha intaneti, ilibidi kiendelee kuipitisha. Umeme wa mji ulipokatika usiku huo, kama kawaida yake, kielelezo kikaletewa jenereta.

Jumamosi Asmini alipasuliwa kwa saa tano. Daktari Pereni hakutoka kwenye kioo hata kwenda kunywa maji, na mtandao haukuyumba hata mara moja.

*

Kesi ilianza kusikilizwa mwezi uliofuata, na ikaahirishwa kwa kuwa upelelezi haujakamilika. Iliahirishwa tena mwezi wa pili, jalada lilikuwa limekwenda kwa mtu. Mwezi wa tatu, mtu huyo alikuwa amekwenda semina. Sikudhani alilala sakafuni pamoja na wanawake ishirini na saba kwenye chumba cha watu wanane, akapata upele, akakonda, akajifunza kusuka ukili. Asmini alikuja kumwona mara tu alipoweza kupanda basi, kilemba juu ya kipara, mkono wa kushoto bado mzito. Alileta wali na samaki, akakaa upande wa pili wa wavu, akamtazama mdogo wake anavyokula. Hawakuongea sana siku hiyo. Walikuwa wanalia zaidi.

Nchi nzima ilikuwa hewani. Wanafunzi walisoma, wapenzi waligombana, na Koplo Ndarama alimwona mwanawe ameota jino. Serikali iliendelea kutangaza kwamba hayo yote ni matunda ya uzinduzi, na kwa maana moja ilikuwa kweli.

Mwezi wa nane, mwendesha mashtaka alisimama akakohoa. "Mheshimiwa hakimu, upelelezi umekamilika."

Mahakama nzima ilishtuka, hakimu akiwa wa kwanza. Mwendesha mashtaka akaendelea: Jamhuri, kwa huruma yake, inaomba mshtakiwa apewe onyo tu na aachiwe leo hii. Na kielelezo namba moja, kama ilivyo ada shauri linapokwisha, kiteketezwe.

Asmini, kwenye benchi la nyuma, alipiga kigelegele mpaka askari akamwomba akae. Alikuwa amebeba gauni jipya ndani ya mfuko. Alilishona kwa mkono mmoja.

"Mshtakiwa, una la kusema kabla sijatoa uamuzi?" hakimu aliuliza.

Sikudhani alimtazama dada yake. Alitaka kwenda nyumbani kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alitaka kuoga kwa maji ya moto. Aliushika ukingo wa kizimba.

"Mheshimiwa hakimu, nina shahidi. Sheria inaniruhusu."

"Shahidi gani?"

"Nimeshtakiwa kuunga ncha mbili. Naomba aitwe aliyezikata, aieleze mahakama alikata nini."

Hakimu alivua miwani. Mwendesha mashtaka alikaa. Kumkatalia shahidi huyo ilikuwa ni kusema ushuhuda wa Mheshimiwa Mkuu hauna maana. Kumwita ilikuwa ni kumwamuru. Hakimu aliandika mstari mmoja, akaufuta, akaandika mwingine, akausoma bila kuinua kichwa: shauri linaahirishwa mpaka hapo shahidi atakapopata nafasi. Karani akafungua kalenda ya shughuli za kitaifa kutafuta nafasi hiyo. Alisoma kimya, akageuza kurasa, akasema visima peke yake vinakwenda miaka kumi na moja.

Nje, Asmini alilikimbilia gari la magereza kabla halijawashwa, akaukamata wavu wa dirisha kwa mkono wake mzima.

"Siku! Umefanya nini? Walikuwa wanakuachia! Nimeona kwa macho yangu, walikuwa wanakuachia!"

"Dada, asubuhi ulipita kliniki?"

"Nilikulea uje kuozea humu?"

"Ulipita?"

"Nilipita."

"Wangapi wanangoja kusomewa picha?"

Asmini alifuta pua kwa upande wa kilemba. "Tisa," alisema. "Mmoja ni katoto, hakajaanza kutembea."

Sikudhani alipitisha vidole viwili kwenye tundu la wavu, akamgusa shavu. Gari likawashwa. Asmini alitembea nalo mpaka getini, gauni likiwa bado mkononi, kisha gari likapata mwendo naye akauachia wavu.